Nani Hupeleka Nchi Vitani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kongresi, Rais na Mamlaka ya Vita Nchini Marekani

Kila Marekani inaporusha makombora mahali fulani, ubishi ule ule huibuka: Rais ameruhusiwa na nani? Wapo wanaosema amevunja Katiba, na wapo wanaosema yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, basi yamekwisha. Pande zote mbili huwa zinaruka jambo moja, yaani kura ngapi zinahitajika ili vita vianze na ngapi ili vikome. Hesabu hiyo itajirudia katika majibu mengi hapa chini.

Katiba inasema nani anatangaza vita?

Kongresi, yaani bunge lenye mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi na Seneti. Ibara ya Kwanza, sehemu ya 8, inaipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita, kuunda jeshi la nchi kavu na kuligharimia, kuwa na jeshi la majini, na kutunga kanuni za kuyaongoza majeshi hayo. Fedha za jeshi la nchi kavu haziwezi kutengwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo mmoja. Ibara ya Pili, sehemu ya 2, inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu.

Hapo ndipo maandishi yanapoishia. Hakuna kifungu kinachosema Amiri Jeshi Mkuu afanye nini Kongresi inaponyamaza, na karibu ugomvi wote wa miaka zaidi ya 200 umepenya kwenye ufa huo.

Kwa nini waasisi hawakumwachia Rais?

Walikuwa wamepigana na mfalme juzi tu, na hawakutaka kumtengeneza mwingine. Tarehe 17 Agosti 1787, kwenye mkutano wa Philadelphia ulioandika Katiba, Pierce Butler wa South Carolina alipendekeza mamlaka ya vita apewe Rais. Elbridge Gerry wa Massachusetts akajibu kwamba hakutarajia kamwe kusikia, ndani ya jamhuri, hoja ya kumpa mtendaji peke yake uwezo wa kutangaza vita. George Mason wa Virginia naye alitaka njia ya kwenda vitani iwe na vikwazo na njia ya kurudi kwenye amani iwe nyepesi.

Siku hiyo hiyo Gerry na James Madison walibadilisha rasimu. Awali ilisema Bunge ndilo litakalofanya vita. Wao wakaandika litakalotangaza vita, ili Rais abaki na uwezo wa kuzima shambulio la ghafla bila kungoja wajumbe wakusanyike kwa farasi kutoka majimboni. Hata Alexander Hamilton, ambaye hakuna aliyempita kwa kupenda urais wenye nguvu, aliandika mwaka 1788 kwamba Amiri Jeshi Mkuu ni jenerali wa kwanza na admirali wa kwanza wa taifa, wala si mwenye uwezo wa kutangaza vita kama mfalme wa Uingereza.

Marekani imetangaza vita mara ngapi?

Mara 11, katika vita vitano tu: dhidi ya Uingereza mwaka 1812, Meksiko 1846, Uhispania 1898, Vita vya Kwanza vya Dunia na Vita vya Pili vya Dunia. Matamko ya mwisho, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania, ni ya Juni 1942. Tamko dhidi ya Japani, siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor, lilipita kwa kura 82 kwa 0 katika Seneti na 388 kwa 1 katika Baraza la Wawakilishi. Aliyepinga peke yake alikuwa Jeannette Rankin wa Montana, ambaye mwaka 1917 pia alikuwa amepinga kuingia vitani.

Kwa hiyo Vietnam na Iraq hazikuwa vita halali?

Hapana, usikimbilie huko. Kongresi inaweza kuidhinisha vita kwa sheria ya kawaida bila kutoa tamko rasmi, na ilianza mapema sana. Mwaka 1798, chini ya Rais John Adams, iliruhusu mapambano ya baharini dhidi ya Ufaransa bila kutangaza vita, na Mahakama ya Juu ikakubali kwamba vita vya aina hiyo, vyenye mipaka iliyochorwa na Bunge, vinawezekana. Vietnam ilikuwa na azimio la Agosti 1964, lililopita kwa 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 katika Seneti. Vita vya Ghuba vya 1991 vilipigiwa kura, tena kwa kubanana sana katika Seneti: 52 kwa 47. Iraq nayo iliidhinishwa Oktoba 2002.

Vyenye mashaka ni vile vilivyopiganwa bila kura yoyote. Mfano mkubwa kuliko yote ni Korea.

Ilikuwaje Korea?

Juni 1950 majeshi ya Korea Kaskazini yalivuka kwenda kusini. Harry Truman alipeleka wanajeshi kwa kutegemea maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwandishi wa habari alipomuuliza kama hiyo ni operesheni ya kipolisi chini ya Umoja wa Mataifa, alijibu ndiyo, na jina likaganda. Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa katika hiyo "operesheni ya kipolisi", na hakuna siku Kongresi ilipoulizwa kama inaikubali.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mambo yalipogeuka. Marais waliotangulia walikuwa wametuma meli na askari huku na kule bila ruhusa, lakini kwa mambo madogo. Baada ya Korea, kila mwanasheria wa Ikulu amekuwa na kielelezo cha kunyooshea kidole.

Mahakama imewahi kumwambia Rais kwamba amevuka mpaka wa vita?

Imewahi, zamani, na kesi yenyewe inafaa kusimuliwa. Katika ule mgogoro na Ufaransa, sheria ya Kongresi iliruhusu kukamata meli za Marekani zinazoelekea bandari za Kifaransa. Maelekezo ya serikali ya Adams kwa makapteni yakaongeza zinazotoka huko pia. Desemba 1799 kapteni George Little alikamata jahazi liitwalo Flying Fish lililokuwa likitoka bandari ya Kifaransa. Kumbe lilikuwa mali ya Wadenmaki. Wenye mali wakashtaki.

Mwaka 1804 Jaji Mkuu John Marshall alikiri kwamba mwanzoni alielekea kumsamehe kapteni, kwa kuwa alitii amri tu. Kisha akaamua kinyume: Kongresi ilishasema ni meli zipi, na amri ya Rais haiwezi kuhalalisha kile ambacho sheria haikuruhusu. Little akatakiwa kulipa fidia yeye mwenyewe. Ndiyo kusema hata katikati ya mapambano, Bunge likishachora mstari, Rais yuko ndani ya mstari huo.

Mwaka 1952 msimamo huo ulirudi kwa sura nyingine. Truman alitwaa viwanda vya chuma ili mgomo usikwamishe vita vya Korea, na Mahakama ya Juu ikamzuia kwa kura 6 kwa 3. Jaji Robert Jackson aliandika maoni ambayo wanafunzi wa sheria huyakariri hadi leo: nguvu za Rais huwa kubwa kabisa akiungwa mkono na Kongresi, huwa katika ukungu Kongresi ikinyamaza, na hufika chini kabisa akienda kinyume na matakwa yake.

Azimio la Mamlaka ya Vita la 1973 ni nini?

Ni sheria iliyopitishwa kwa hasira za Vietnam na za mabomu yaliyodondoshwa Kambodia kwa siri. Richard Nixon aliipiga kura ya turufu. Kongresi ikaipindua turufu hiyo tarehe 7 Novemba 1973 kwa kura 284 kwa 135 katika Baraza la Wawakilishi na 75 kwa 18 katika Seneti. Inamtaka Rais aishauri Kongresi kabla ya kupeleka majeshi kila inapowezekana, atoe taarifa ndani ya saa 48 anapoyaingiza kwenye mapambano, na ayaondoe baada ya siku 60 kama hajapata idhini. Anaweza kuongezewa siku 30 ili kuwatoa askari salama.

Watu wengi huielewa vibaya, wakidhani inampa Rais siku 60 za kupigana apendavyo. Sheria yenyewe inasema Rais anaweza kuingiza majeshi kwenye mapambano kwa tamko la vita, kwa idhini mahususi ya kisheria, au Marekani au majeshi yake yanaposhambuliwa. Ila kipengele hicho kimewekwa kama maelezo ya dhamira, na marais wamekichukulia hivyo.

Hizo siku 60 zinaanza kuhesabiwa lini?

Swali zuri, na ndipo ujanja wenyewe ulipo. Saa inaanza pale taarifa inapotolewa, au ilipotakiwa kutolewa, chini ya kipengele kinachohusu mapambano. Marais wameshatuma taarifa nyingi, lakini huandika kwamba wanafanya hivyo "kwa kuendana na" azimio, wakijihadhari wasitaje kipengele kinachoiwasha saa. Gerald Ford alikitaja waziwazi mara moja, mwaka 1975, wakati wa kuikomboa Mayaguez, meli ya mizigo ya Marekani iliyotekwa na Kambodia, na wakati huo operesheni ilikuwa imeshakwisha.

Njia nyingine ni kudai kwamba hakuna mapambano. Libya, 2011: Machi, Barack Obama aliingiza ndege za Marekani kwenye kampeni ya mabomu. Siku 60 zikapita, mabomu yakaendelea. Wanasheria wa Ikulu na Wizara ya Mambo ya Nje walieleza kwamba hayo si mapambano kwa maana ya sheria, kwa sababu hakukuwa na askari wa miguu, Wamarekani hawakuwa katika hatari kubwa ya kuuawa, na kazi kubwa ilikuwa ya washirika wa NATO. Ukifuata hoja hiyo hadi mwisho, nchi yenye droni za kutosha inaweza kupiga watu mwaka mzima bila kuwa kwenye mapambano na mtu yeyote. Mimi hoja hiyo hainiingii akilini.

Kongresi nayo ilijibu kwa namna ya kuchekesha. Tarehe 24 Juni 2011 Baraza la Wawakilishi lilikataa kuidhinisha operesheni, 123 kwa 295. Siku hiyo hiyo likakataa pia kuibana fedha, 180 kwa 238.

Kongresi ikitaka vita vikome, inafanyaje?

Hapa ndipo hesabu inapouma. Azimio la 1973 liliweka njia rahisi: mabaraza yote mawili yakipitisha azimio la pamoja lisilohitaji saini ya Rais, majeshi yanarudi. Lakini mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Kongresi haiwezi kuamrisha serikali kwa maazimio yasiyopitia mezani kwa Rais. Kesi haikuwa na uhusiano wowote na vita. Ilimhusu Jagdish Rai Chadha, mzaliwa wa Kenya aliyekwenda Marekani kama mwanafunzi na akakaribia kufukuzwa nchini. Alishinda, na pamoja naye njia ile ya mkato ikapoteza meno.

Tangu hapo Kongresi hutumia azimio linalopelekwa kwa Rais. Rais hulipiga turufu, na ili kuipindua zinahitajika theluthi mbili za kila baraza. Yemen inaonyesha kila hatua. Machi 2019 Seneti ilipitisha, 54 kwa 46, azimio la kukomesha msaada wa kijeshi kwa muungano ulioongozwa na Saudi Arabia. Aprili Baraza la Wawakilishi likalipitisha 247 kwa 175. Tarehe 16 Aprili Donald Trump akalipiga turufu. Mei Seneti ikajaribu kuipindua na kupata 53 kwa 45, pungufu kabisa ya theluthi mbili. Azimio kuhusu Iran, lililofuata Marekani kumuua jenerali wa Iran, Qassem Soleimani, Januari 2020, liliishia pale pale.

Sasa linganisha. Waliokaa Philadelphia walipanga kwamba anayetaka vita ndiye atafute kura: nusu na ushee katika kila baraza. Leo anayetaka amani ndiye anayetafuta kura, na anahitaji 67 kati ya maseneta 100. Kwa lugha nyingine, maseneta 34 wanatosha kumwacha Rais aendelee na vita ambavyo wenzao wengi wanavipinga. Hakuna marekebisho ya Katiba yaliyoligeuza jambo hili. Limegeuka kwa mazoea, hukumu moja ya uhamiaji, na kura za turufu.

Si wanashika mfuko wa fedha?

Wanaushika, na umewahi kufanya kazi. Kongresi ilikata fedha za mabomu ya Kambodia kuanzia 15 Agosti 1973. Baada ya askari 18 wa Marekani kuuawa katika vita vya Mogadishu mwaka 1993, ilipitisha sharti kwamba fedha za operesheni ya Somalia zikome baada ya 31 Machi 1994.

Shida ni ya kisiasa. Askari wakishakuwa uwanjani, anayepiga kura ya kukata fedha huambiwa anawanyima risasi vijana wa nchi yake. Kisha bajeti ya ulinzi huja ikiwa furushi moja, mishahara na vipuri vyote ndani. Kuhusu Kosovo mwaka 1999, Baraza la Wawakilishi liligongana 213 kwa 213 juu ya kuiunga mkono kampeni ya anga ya NATO dhidi ya Yugoslavia, halafu Kongresi ikapitisha fedha zake. Azimio la 1973 linakataza kuchukulia fedha kuwa idhini. Wanasheria wa Bill Clinton walidai kwamba fedha zile zilikuwa idhini tosha.

Kwa nini wasimpeleke Rais mahakamani?

Wamejaribu mara kadhaa. Mwaka 1990 wabunge zaidi ya 50 walimshtaki George H. W. Bush kabla ya Vita vya Ghuba. Jaji alikubali kwamba shambulio kubwa la namna hiyo lingekuwa vita, lakini akasema hawezi kuingilia mpaka wengi wa Kongresi waseme wanapinga. Shauri la Kosovo nalo lilitupwa kwa hoja kwamba wabunge wana silaha zao bungeni na wazitumie huko.

Kioja kikubwa ni cha Agosti 1973. Mbunge Elizabeth Holtzman wa New York na maofisa kadhaa wa jeshi la anga walipata amri ya jaji ya kusimamisha mabomu ya Kambodia. Mahakama ya rufaa ikaisitisha. Wakamfuata Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu, aliyekuwa mapumzikoni jimboni Washington, akawasikiliza huko huko na kuirudisha amri. Kwa saa chache, jaji mmoja kwenye likizo alikuwa amesimamisha vita kwenye karatasi. Wenzake walibatilisha siku hiyo hiyo, na mabomu yaliendelea mpaka fedha zilipokatwa.

Idhini ya 2001 ya kutumia nguvu za kijeshi bado inatumika?

Ndiyo. Ilitiwa saini 18 Septemba 2001, baada ya kupita 98 kwa 0 katika Seneti na 420 kwa 1 katika Baraza la Wawakilishi. Kura hiyo moja ilikuwa ya Barbara Lee wa California, aliyeonya dhidi ya kutoa hundi iliyo wazi. Inamruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya waliopanga au kusaidia mashambulizi ya Septemba 11, na waliowahifadhi. Haitaji nchi, haitaji kundi, haina tarehe ya mwisho.

Serikali zilizofuata ziliongeza dhana ya "makundi washirika". Kwa dhana hiyo idhini ikafika kwa al-Shabaab nchini Somalia. Kuanzia 2014 ikatumika pia dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu, lililokuwa limeshafarakana na al-Qaeda. Hakuna aliyepigia kura vita hivyo mwaka 2001.

Mkataba wa NATO haumlazimishi Rais kuingia vitani?

Hapana. Ibara ya 5, inayohesabu shambulio dhidi ya mwanachama mmoja kuwa dhidi ya wote, inaacha kila mwanachama achukue hatua anayoona inafaa, na Ibara ya 11 inasema utekelezaji ufuate taratibu za kikatiba za kila nchi. Azimio la 1973 nalo linasema mkataba peke yake si idhini.

Na silaha za nyuklia?

Rais anaweza kuamuru zitumike bila kura na bila sahihi ya pili. Waziri wa Ulinzi hana turufu. Utaratibu huo ulitokana na hofu ya makombora yanayofika ndani ya nusu saa, na kwa kujibu shambulio kama hilo ni vigumu kuupinga kwa hoja za Katiba. Kuzitumia wa kwanza ni jambo jingine: ukiuliza kama hiyo si kutangaza vita, sijui utaita nini. Miswada ya kuzuia hilo bila tamko la Kongresi imewasilishwa, ikakwama.

Kwa nini wabunge wenyewe hawapiganii mamlaka yao?

Kwa sababu kura ya vita hubaki kwenye rekodi ya mtu. Hillary Clinton alipiga kura ya ndiyo kuhusu Iraq mwaka 2002, na ilimwandama katika kampeni ya 2008 mbele ya mpinzani wake, Obama, ambaye hakuwa Seneti wakati wa kura hiyo. Usipopiga kura, vita vikienda vizuri unapongeza, vikienda vibaya unalaumu. Mwaka 2013 Obama aliwaomba idhini ya kuishambulia Syria, akiilaumu serikali yake kwa kutumia silaha za kemikali. Wengi walitafuta pa kujificha, na hakuna baraza lililopiga kura ya mwisho. Aprili 2017 Trump aliipiga Syria kwa makombora 59 bila kuwauliza, na malalamiko yakawa machache.

Chama nacho kina sehemu yake. Madison alitegemea kwamba mbunge atalinda Bunge lake kwanza. Leo mbunge wa chama cha Rais humlinda Rais, na shauku yake ya Katiba humrudia siku Ikulu inapochukuliwa na chama kingine. Nimeangalia kura hizi kwa pande zote mbili na sioni tofauti kubwa.

Askari anayeamini vita havijaidhinishwa anaweza kukataa au kushtaki?

Kukataa ni kujitafutia mahakama ya kijeshi. Kushtaki amejaribu kapteni mmoja wa jeshi, aliyekuwa kituoni Kuwait, mwaka 2016. Hakukataa kupigana na Dola la Kiislamu. Alisema aliapa kuilinda Katiba na anataka mahakama imwambie kama idhini ya 2001 inavihusu vita vile. Mahakama ya wilaya ililitupa shauri lake mwaka huo huo. Akakata rufaa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema hakuna tena cha kuamua, kwa kuwa kapteni alikuwa ameshaacha jeshi.